Katekista na Swali la Bikira

Alikuwa na swali moja aliloliuliza kila mtu, na kama umewahi kupitia mikononi mwake kule Kiganjo, najua bado linakuwasha. Kwa nini Bikira? Hakuongeza neno. Ulisimama, mikono nyuma, naye akakusubiri huku akigonga kidole kwenye kikopo cha rangi ya viatu alichowekea chaki. Ukisema ni kwa sababu Biblia imesema, alikukalisha. Ukisema Mungu hashindwi na kitu, alikukalisha pia, akisema hilo ni jibu la mtu anayetaka kwenda nyumbani. Wazazi walioleta watoto kubatizwa waliulizwa vilevile, mzee mzima na tai yake, na wengi waliambiwa warudi Jumamosi nyingine wakiwa wamefikiria.

Nimemjua kwa zaidi ya miaka ishirini, na kumi na miwili kati ya hiyo nimeimaliza nikiwa nimemkasirikia. Jina lake sitalitaja, na wala halina kazi hapa. Kiganjo yote alikuwa Katekista tu, hata kwa muuza makaa ambaye hakuwa wa kanisa lolote.

Wakati wa mchana alikuwa mtu wa kiwanda cha nguo, na koti la kaki la kiwandani ndilo alilofundishia. Mifuko yake ilijaa vipande vya uzi, ambavyo alivitumia kushonea madaftari ya watoto yaliyochanika. Alikuwa na baiskeli ambayo sijawahi kumwona ameipanda. Aliisukuma kutoka nyumbani hadi kanisani, akaiegemeza ukutani, na jioni akaisukuma kurudi. Ukimuuliza, alisema baiskeli ni ya mtu mwenye haraka na yeye hana. Chai alikunywa bila sukari. Mwaka mmoja aliiacha sukari kwa ajili ya Kwaresima, Pasaka ikafika akasahau kuirudia, na baadaye akadai eti ndiyo ladha ya chai yenyewe. Huo ndio ulikuwa ubishi wake: akishazoea jambo, aliligeuza kuwa ukweli.

Lakini kufundisha alijua, na hilo simnyimi. Swali lake alilishughulikia kama mama anayechambua maharagwe, akitoa mawe kwanza. Jiwe la kwanza lilikuwa la wale waliosema Yesu alizaliwa na Bikira kwa sababu mambo ya kitandani ni machafu. Aliwauliza, basi kwa nini kanisa linabariki ndoa, na kwa nini wao wenyewe walimwalika kwenye harusi zao kula pilau? Jiwe la pili lilikuwa la wale waliosema dhambi hupitia kwenye damu ya baba. Hapo aliwageukia wanaume na kuwauliza kama wake zao wamekubaliana na habari hiyo. Jiwe la tatu ndilo lililomkasirisha hasa: ile fikra kwamba Mungu alishika nafasi ya mume. Alisema huo ni upagani uliovaa rozari. Roho alifunika, alisema, kama alivyofunika maji mwanzoni kabla ya kitu chochote kuumbwa, na hakuna aliyewahi kusema maji yaliolewa.

Mawe yakiisha, ndipo alipotuambia. Kila mtoto wa Kiganjo alianza pale wazazi wake walipomwanzisha. Huyu wa Bikira hakuanza. Alikuwako tayari, na alichofanya ni kuja. Anayeanza anahitaji baba na mama. Anayekuja anahitaji wa kumpokea. Halafu alituamuru tunyooshe mikono, darasa zima, na tukunje ngumi. Alipita akijaribu kumpa kila mmoja chaki, chaki ikaanguka. Kisha tukafungua mikono, na kila mmoja akapata yake. Bikira ni alama ya hicho kiganja, alisema. Maana yake ni kwamba wokovu haukutoka kwenye nguvu za mwanamume, wala ukoo, wala mipango yetu mizuri. Mchango wetu ulikuwa mkono mtupu na neno moja, ndiyo, nalo lilisemwa na msichana ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu kabla ya hapo.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili aliponisimamisha. Nikamjibu kwamba Bikira ni kwa sababu zawadi haianzi kwa anayepewa. Hakunikalisha. Aliwaambia wengine wageuke waniangalie, na kwa wiki nzima mama yangu alitembea Kiganjo kana kwamba ni yeye aliyejibu. Tangu siku ile nikawa msichana wake wa darasa. Nilimshikia kikopo cha chaki, niliwasomesha wadogo akiwa zamu kiwandani, na nilipopata nafasi ya chuo alikuja nyumbani na mkate mzima kunipongeza.

Yosefu alimpenda kupita kiasi. Watakatifu wengine aliwaheshimu, lakini Yosefu alimzungumzia kama fundi wa mtaa wetu, mtu unayeweza kwenda kwake kuazima msumeno. Alisema kazi aliyopewa Yosefu ilikuwa moja tu, kumpa mtoto jina, na kwamba kumpa mtoto jina ni ubaba kuliko mengi ambayo wanaume hujisifia. Siku moja watu wa boda boda pale karibu na kanisa walimtania. Mmoja akamwambia hiyo ya Bikira si mpya, hata dada yake aliwaambia hivyo hivyo alipopata mimba. Wenzake wakacheka mpaka wakashikilia pikipiki. Katekista alisimamisha baiskeli yake, akamuuliza kwa upole, "Na nyinyi mlimfanya nini?"

Yule jamaa akaanza kufuta kioo cha pikipiki. Kila mtu alijua dada yake alifukuzwa na begi moja.

"Yosefu pia hakuamini," Katekista akasema. "Lakini hakutaka kumwaibisha mbele ya watu. Anzeni hapo, halafu ndio mtucheke."

Nilikuwa nyuma yake nimeshika kikopo. Niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, na ndiyo maana nayataja.

Na lile la Krismasi pia nililiona. Padri mgeni, kijana, alihubiri kwamba Mungu alimchagua Maria kwa sababu alijitunza, si kama wasichana wa siku hizi. Wasichana wa siku hizi tulikuwa viti vitatu vya mbele, tumevaa nguo mpya, tukaangalia viatu. Wakati wa matangazo Katekista alipanda mbele, akatangaza mkutano wa jumuiya, akatangaza ibada ya Mwaka Mpya, kisha akasema, kwa sauti ile ile ya matangazo, kwamba Padri amehubiri vizuri ila Mungu hakuja kwa Maria kumpa zawadi ya tabia njema, alikuja kwa neema, na neema ikilipiwa si neema. Akashuka. Padri alikuwa mwekundu, na mama zetu walipiga vigelegele kana kwamba wanashangilia mkutano wa jumuiya.

Nakueleza haya ili uelewe kwa nini nilikasirika siku aliponikosea. Kama angekuwa mjinga, ningemsamehe siku hiyo hiyo.

Bado sijakueleza habari ya daftari. Katekista hakuwahi kumpiga mtoto. Aliyechelewa alikuta daftari la kurasa mia moja juu ya meza karibu na mlango, akaandika sababu yake na kutia sahihi. Na sheria ilikuwa hii: sababu huandikwa na aliyechelewesha. Ukisema mama ndiye alikutuma maji, unachukua daftari unampelekea mama, anaandika kwa mkono wake. Mama yangu alishawahi kuandika, "Nilimtuma maji," akatia sahihi huku akisonya. Kuna wazee wa kanisa waliomo mle, na baba mmoja aliyeandika kwamba alilala na ufunguo. Katekista alisema ukimwandikia mwenzako kosa lake, umemwibia nafasi ya kulikiri. Jina lake mwenyewe hatukuwahi kuliona humo. Hakuchelewa hata siku moja.

Nilipata Wanjiku nikiwa mwaka wa tatu chuoni, nikikaa hosteli ya Kahawa Wendani. Baba yake alikuwa mwanafunzi mwenzangu, na nilipomwambia alibadilisha laini ya simu. Sina zaidi la kusema juu yake. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya wa upande wa baba; kwa kuwa upande huo haukuwako, mtoto alichukua la mama yangu. Alipofika miezi minne nikamfunga mgongoni, nikarudi Kiganjo kumwandikisha ubatizo.

Katekista alinipokea kwa furaha. Aliniketisha ofisini, akamtekenya mtoto kidevu, akasema lazima aniulize kama wengine, maana haki ni haki. Kwa nini Bikira? Nikamjibu, mtoto akinyonya, nikamjibu vizuri kuliko nilivyojibu nikiwa na miaka kumi na miwili, kwa sababu sasa nilijua kubeba ni nini. Akatabasamu meno yote. Akafungua kitabu cha ubatizo, akaandika tarehe, kalamu ikafika mahali pa baba.

Nikamwambia ukweli. Kalamu ikasimama.

Akanieleza utaratibu wa parokia, kwa upole ule ule wa siku zote. Watoto wa akina mama ambao hawajaolewa hubatizwa Alhamisi mchana, bila kwaya. Mama hukaa benchi la nyuma, lile la karibu na stoo. Na kitabuni mtoto huandikwa kwa babu na nyanya yake, ndio awe na pande zote mbili. Tena mimi nilikuwa na bahati, akasema, kwa sababu mtoto ana jina la mama yangu, tayari ni wa nyumba ile. Hakuna mtu angeshangaa.

"Lakini nimejibu swali," nikasema.

"Umejibu vizuri sana. Huu ni utaratibu."

"Yaani swali ni la wote na utaratibu ni wa kwangu peke yangu? Katekista, huyu mtoto ni mimi nimemzaa. Siwezi kuandikwa dada yake."

"Mimi nafundisha," akasema. "Situngi sheria." Akafunga kitabu.

Mtu aliyemsahihisha padri mbele ya kanisa zima siku ya Krismasi. Mtu aliyewaambia wenye boda boda waanzie pale kwa Yosefu. Nilimtazama nikimngoja acheke aseme ananipima tu, na hakucheka. Alipanga kalamu sambamba na kitabu, alivyofanya siku zote. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikatoka kwa mlango mkubwa.

Nimeligeuza jambo hilo miaka yote na bado halinikai vizuri. Wakati mwingine nasema alikuwa mwoga, lakini mwoga hasimami mbele ya padri. Wakati mwingine nasema labda mafundisho aliyaona ni ya Mungu na kitabu ni cha wanadamu, na kila kimoja alikipa heshima yake bila kuvikutanisha. Labda ilikuwa kama sukari kwenye chai, kitu alichokizoea mpaka akakiona ndicho ukweli. Sijui. Linaloniudhi ni kwamba hata nikiwa na hasira naye, nimekuwa nikifikiria kwa maneno aliyonifundisha yeye.

Na nisijifanye mtakatifu. Miaka minne baadaye alikuja paroko mwingine, akaifuta Alhamisi, akaondoa lile benchi, akasema kila mtoto aandikwe kwa aliyemzaa. Mama alinipigia simu siku hiyo hiyo. "Njoo, hiyo maneno iliisha," akasema. Nikamwambia nitakuja. Sikwenda. Nilikuwa nimeshafungua kaduka ka kuchapa na kutoa kopi kwa wanafunzi, na kila mwezi nilipata kazi ya kunizuia. Ukweli ni kwamba nilitaka Katekista aje yeye. Nilitaka aisukume ile baiskeli yake kutoka Kiganjo mpaka mlangoni kwangu, aseme alikosa. Kiburi changu kilikuwa na mguu mrefu kuliko chake, na aliyekaa nje muda huo wote alikuwa mtoto.

Maana Wanjiku alikua. Akaanza kwenda kanisani na watoto wa jirani, akajiunga na kwaya yao, na kila Jumapili wenzake waliposimama kwenda Komunyo yeye alibana magoti kando ili wapite. Mwaka jana akaniuliza kama kuna kitu alifanya. Nikamwambia hapana. Akaniuliza kama ni mimi nilifanya, nikageukia mashine ya kopi. Akajiandikisha darasa la ubatizo mwenyewe.

Mwalimu wao, dada mmoja mkarimu, akataka kitu kimoja tu: barua ya kule nyumbani ya kuthibitisha kwamba mtoto hajawahi kubatizwa, na sababu ya kuchelewa. Orodha ya Pasaka ilikuwa inafungwa Jumamosi jioni. Asiyekuwamo angengoja mwaka mwingine. Nikapiga simu Kiganjo, wakatafuta, wakasema hakuna kitu kitabuni ila tarehe moja isiyo na jina. Anayeweza kueleza tarehe hiyo ni Katekista wa zamani, na siku hizi anakaa Mwiki kwa binti yake. Hiyo ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi asubuhi nikaenda na Wanjiku. Ni nyumba ya chini, nyuma ya posho mill, na unga umeshika hata kwenye kamba ya nguo. Binti yake ni fundi cherehani. Alitufungulia, akatuonya kwa sauti ya chini kwamba mzee alipata kiharusi, mkono wa kushoto haufanyi kazi, lakini kichwa kiko sawa, sawa mpaka anawachosha. Alikuwa ameketi kando ya dirisha. Koti la kaki lilining'inia kwenye msumari. Nilikuwa nimejiandaa kukuta mtu mkubwa, na nikakuta mzee aliyefungiwa vifungo na mtu mwingine.

"Mama Shiku," akasema, kana kwamba tuliachana juzi. Sikuwa nimemwambia kwamba watu huniita hivyo, kwa kifupi cha Wanjiku. Tukaletewa chai isiyo na sukari.

Nikamweleza shida yetu kwa maneno machache. Alinisikiliza, kisha akamgeukia mtoto, akamwambia asimame. Nikajua kinachokuja, damu ikanichemka. Hata leo? Hata hapa?

"Kwa nini Bikira?"

Wanjiku akaweka mikono nyuma. Hakuna aliyemwambia aiweke hapo.

"Sijui yote, Guka," akasema, akimwita babu kwa Kikuyu. "Lakini mi nafikiri huyo mtoto alikuwa anakuja tu, hakuwa anaanza. So hakuna mtu angesema ni wetu, sisi ndio tulimtengeneza. Ilikuwa tu wampokee."

Katekista akaweka kikombe chake dirishani. Mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma nyuma ya ukuta.

"Nani amekufundisha?"

"Mum. Akiwa anapika."

Sikumbuki kama nimewahi kumfundisha. Nakumbuka tu kwamba nikikasirika jikoni huwa naongea peke yangu.

Akaomba karatasi. Binti yake akamwekea ubao wa kukatia kitambaa mapajani, nami nikaishikilia karatasi kwa sababu mkono wake mmoja haukuweza. Aliandika polepole, kwa ule mwandiko wa ubaoni, kwamba mtoto Wanjiku hajabatizwa Kiganjo wala popote anapojua yeye. Kisha akaandika neno Sababu na nukta mbili. Nikasubiri aandike kwamba mama alikataa utaratibu. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu, miaka kumi na miwili ya maneno.

Akaandika, "Nilimfungia kitabu." Akatia sahihi.

Halafu akaacha mstari mmoja, akaigeuza karatasi upande wangu, akaninyooshea kalamu.

Sikuamini. Hasira niliyoisikia pale haikuwa na mfano. Nilimfuata mpaka Mwiki nikamletea nafasi ya kuomba msamaha, na hakuomba. Alilijaza daftari lake tu, na sasa alikuwa ananiwekea la kwangu, mbele ya mwanangu, kana kwamba nimechelewa darasani. Nilitaka kuichana ile karatasi. Lakini ilikuwa saa tano na nusu, orodha ilikuwa inafungwa jioni, na mstari ule, kusema kweli, ulikuwa wangu. Miaka minne ilikuwa yake. Minane ilikuwa yangu.

Nikaandika, "Sikurudi." Nikatia sahihi chini ya yake.

Akaisoma, akatikisa kichwa kukubali, akairudisha juu ya ubao. Wanjiku alikuwa ameinama juu ya bega langu, akisoma sababu zote mbili. Akasoma mara ya pili. Akaona bado kuna nafasi chini ya jina langu, akachukua kalamu iliyokuwa mkononi mwangu.

"Na mimi niandike wapi?"

Katekista akanyoosha ule mkono wake mzima, akaifungua taratibu mikunjo ya vidole vya mtoto, akaitoa kalamu.

"Wewe hukuchelewa," akasema.